Soksi za Ndege

Mama yangu hutia blanketi kwa kila kitu. Makoti ya shule aliyotushonea yalikuwa na bitana ya blanketi. Mfuko wangu wa vitabu ulikuwa na blanketi. Hata redio ya marehemu baba ilishonewa koti la blanketi, mpaka siku moja baba akauliza kama redio ina homa. Ukimuuliza mama kwa nini, anakutazama kama mtoto aliyelelewa na majirani. "Mutuini ni baridi," anasema, na mazungumzo yameisha. Si uongo. Mwezi wa saba ukungu hushuka kwetu asubuhi hata huoni zizi la ng'ombe ukiwa mlango wa jikoni, na manyunyu hayazidi wala hayaishi. Cherehani yake ya miguu iko pale dirishani sebuleni, na ada zetu za shule, karibu zote, zilitoka humo.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alipewa jina la baba yake mama, kama desturi yetu inavyotaka kwa mtoto wa pili wa kiume. Wa kwanza alituacha angali mchanga. Kwa ajili ya jina hilo la babake, mama hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita Baba. "Baba, umekula?" "Baba, utaoa lini, ama unataka nife nikipikia mwanajeshi?" Naye huyo mwanajeshi, na mabega yake yote, anajibu "Ndio, mami," anasogeza sahani aongezwe.

Jumapili moja alikuja na kipande cha turubai na katoni aliyoikata kwa umbo la ajabu, refu na jembamba. Akatueleza. Puani mwa ndege yao kuna vibomba vimechomoza, vyembamba. Ndege ikikimbia, upepo unaingia humo, na mita ya rubani inasoma mwendo. Shida ni nyigu, wale wanaojenga nyumba za matope hata kwenye tundu la kufuli. Ndege ikilala uwanjani kidogo tu, nyigu amehamia kwenye bomba, na rubani akiruka hawezi kujua anaenda kasi gani. Ndiyo maana vibomba huvalishwa vifuniko, ambavyo mafundi huviita soksi, kisha huvuliwa kabla ya safari. Soksi za kiwandani zilikuwa zimeraruka. Mpya zilikuwa zimeagizwa, zikasemekana ziko njiani, na vitu vya njiani tunavijua.

"Nishonee za turubai tupu, mami," akasema. "Na utepe mwekundu hapa chini, ndio tusisahau kuvua."

"Na ndani?"

"Ndani hakuna kitu."

"Hakuna kitu," mama akarudia polepole, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mgeni hatapewa chai.

Jumapili iliyofuata soksi zilikuwa zimepangwa mezani. Nje turubai, tepe nyekundu zimening'inia, mshono umenyooka. Ndani, blanketi. Tena haikuwa blanketi ya kuokota. Alikuwa amekata ile ya kijivu aliyomnunulia Baba akienda bweni kidato cha kwanza, na aliyoiweka kabatini miaka hiyo yote kwa sababu yeye hatupi kitu.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mami! Ndege haisikii baridi!"

"Umewahi kuiuliza?"

"Ni chuma!"

"Chuma ndiyo husikia baridi kuliko kila kitu. Shika sufuria asubuhi uone."

Mimi pia nilicheka, machozi yakanitoka. Nilidhani atamwambia atoe hiyo bitana. Lakini aliingiza vidole viwili ndani ya soksi moja, akaigusa blanketi yake ya bweni, na uso wake ukabadilika. Isitoshe, kwetu kitu alichoshona mama hakirudishwi. Ukikirudisha hasemi neno. Anaketi mbele yako, anafumua uzi mmoja mmoja, anaanza upya, nawe unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Akazikunja moja moja. "Zitafaa kabisa, mami," akasema, akazitia mkobani.

Na zilifaa. Kiangazi chote hicho nyigu walitafuta makao kwingine. Wenzake kambini wakaziita soksi za mama. Mama akawa mtu mwingine kanisani. Akisalimiwa, anajibu kwamba yuko salama, anashukuru Mungu, siku hizi anashonea ndege za serikali. Hata wanawake wa chama chao cha akiba, ambao hawasifu mtu bila kutafuta kasoro, walimwachia kiti cha mbele.

Ndege ilianguka mwezi wa nne.

Mimi ni msusi. Nina kibanda changu Kenyatta Market, na asubuhi ile nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, moshi wa nyama choma ndio tu umeanza kupanda kutoka upande wa pili, redio ya jirani yangu ikasema. Ndege ilikuwa imeruka, ikaingia mawinguni, ikashuka vibaya kwenye shamba la watu. Walikuwamo watatu, yaani rubani, msaidizi wake, na fundi aliyesafiri nayo ili aihudumie kule inakokwenda. Sikungoja jina. Nilimwacha yule mwanamke na nusu kichwa, na mpaka leo sijui nani alimmalizia.

Tulizika sanduku lililofungwa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile, na sitaki.

Ninachoweza kuandika ni maneno ya watu. Ai, watu! Ile ndege ilikuwa mpya, na ghali, na nchi nzima ikawa inalia kodi yake. Kwenye simu, kwenye magari, chini ya mikono yangu hapa sokoni, kila mtu alikuwa na sababu. Mmoja alisema injini ilinunuliwa mbovu. Mwingine alisema ni laana. Walio wengi walisema rubani alikuwa amelewa, na walisema kwa uhakika wa watu waliomwekea glasi. Mteja mmoja, mwanamke mzima na pete yake, akaniambia, "Mabilioni yetu yameungua vile, kwa uzembe wa watu watatu." Nilimvuta nywele. Akapiga kelele, aii! Nikamwambia pole, imeteleza. Haikuteleza.

Mama yeye hakuwa na simu ya kusoma hayo. Alikuwa na swali moja tu. Kila nilipoenda Mutuini, kabla sijavua viatu, ananiuliza, "Ni nini ilimuangusha Baba?" Nikisema hatujaambiwa, anarudi kwa cherehani anashona. Alikuwa amekonda. Kitu kimoja tu ndicho kilichomchangamsha, zile soksi. Wageni wakija kumpa pole anawaambia, "Angalau mimi nilimsaidia na mikono yangu. Alipokuwa anahangaika na nyigu, ni mimi nilimsaidia." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara sauti yake ilirudi kuwa sauti ya mama yangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu mzazi alikuwa amepata mahali padogo pa kushikilia.

Hatimaye tukaitwa, familia zote tatu, kwenye ukumbi mmoja katikati ya jiji. Mama hakuweza kwenda, miguu ilikuwa imevimba. Nikaenda peke yangu. Mbele yetu alikuwa afande mmoja mwenye sauti ya upole, na mezani kulikuwa na chai ambayo hakuna aliyeigusa. Mke wa rubani alikuwa ameketi karibu nami. Nilimjua kutoka mazishini, mwanamke mchanga, anaishi Loresho, mtaa wa matajiri, na wakwe zake, amevaa nguo nyeusi iliyomzidi.

Afande hakuzunguka. Alisema ndege ilikaa nje mvuani, ikinyeshewa usiku na mchana, ikingoja safari. Vibomba vya kupimia mwendo vilikuwa vimefunikwa kwa vifuniko visivyo vya kiwandani, vilivyoshonwa na kutiwa blanketi ndani. Blanketi hiyo ilinyonya maji ikayaweka. Ilipokaa na maji ikaanza kuchambuka, manyoya yake yakaingia kwenye vibomba pamoja na maji, yakaziba hata vitundu vya kutolea maji. Vifuniko vilivuliwa kabla ya safari, kama inavyotakiwa, lakini uchafu ulibaki ndani ambako jicho halifiki. Ndege ikaruka. Ilipoingia mawinguni mita zikadanganya, zikasema ndege inakwenda kasi mno. Rubani akapunguza mwendo. Kumbe mwendo wenyewe ulikuwa mdogo tayari, na ndege ikakosa nguvu ya kukaa hewani.

"Kwa hivyo si mume wangu," mke wa rubani akasema.

"Hapana, mama. Alifanya kile mita ilimwambia afanye. Mtu yeyote angefanya hivyo."

Akalaza kichwa mezani akalia, kilio kikubwa, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Miezi yote hiyo alikuwa anaitwa mke wa mlevi. Nilimwekea mkono mgongoni, na mkono wangu ulikuwa wa barafu.

Alipoinua uso akauliza, "Nani alishona hivyo vitu?"

"Hatujui kwa hakika. Waliojua hawako nasi, na wenzao kambini wamegoma kutaja jina. Tunaamini ni fundi fulani wa mtaani." Halafu, akikusanya vitu vyake, afande akaongeza jambo ambalo natamani asingeliongeza. "Ingekuwa turubai tupu, maji yangeteremka tu. Tusingekuwa hapa."

Turubai tupu. Nilisikia sauti ya mdogo wangu, nikaona katoni yake mezani kwetu. Nilitaka kusimama nimkemee yule afande, nimwambie huyo fundi wa mtaani ana jina, ana miguu iliyovimba, na ameshona kwa uaminifu kuliko kiwanda chako ambacho soksi zake ziko njiani mpaka leo. Ningesimama, mimi si mtu wa kumeza maneno. Lakini nikisimama mama atajua. Nikameza.

Kwenye ngazi mke wa rubani alinishika mkono. Alisema anataka kuja Mutuini kumpa mama yangu pole, kwa sababu siku ya mazishi hakuweza kusema na mtu. Nilimwambia mama si mzima. Nilimwambia barabara ni matope, boda boda zinateleza. Nilimwambia asijisumbue. "Si usumbufu," akasema. "Watoto wetu walikuwa pamoja." Alisema watoto wetu, yeye ambaye ni mdogo kwangu, akinena kwa niaba ya mama mkwe wake.

Jioni ile mama alinisubiri mlangoni.

"Wamesema nini?"

"Mvua, mami."

"Mvua gani?"

"Mvua iliingia kwa vile vibomba, mita ikaharibika. Ni mvua tu. Si kosa la mtu."

"Ndege wa Mungu wananyeshewa kila siku na hawaanguki."

"Mami, mimi si fundi wa ndege! Nimekuambia vile wamesema." Nilimfokea. Alikuwa amefiwa, na nilimfokea, kwa sababu niliogopa akiuliza tena nitalia.

Hakuuliza tena. Alisema tu, "Basi ni mvua," akaenda kunipashia chakula.

Katikati ya wiki hiyo kambi ilituletea sanduku lake la bati. Lilikuwa na ovaroli, mashati, viatu, kikombe, picha ya baba, na chini kabisa, imekunjwa vizuri, soksi moja ya ndege ambayo haikuwahi kutumika. Nadhani aliiweka akiba. Mimi nilikuwa kazini, na laiti ningekuwepo ningeichoma jikoni mapema. Niliporudi mama alikuwa amefua kila kitu, maana kwetu nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kugawanywa, na kamba yote ya nyuma ilikuwa imejaa. Mwishoni mwa kamba, baada ya ovaroli, soksi ilikuwa inaning'inia na utepe wake mwekundu.

"Hiyo sitampa mtu," mama akasema. "Hiyo ni yangu na yeye."

Jumamosi mke wa rubani akaja, na majani ya chai na sukari na unga, kama inavyotakiwa. Jua lilikuwa limetoka tangu juzi yake, jua la ukweli, ambalo mwezi wa saba ni zawadi. Mama alivaa leso mpya kichwani. Akamkaribisha, akamshika mashavu, wakalia kidogo pamoja bila haraka, kisha chai ikaletwa. Nikaketi karibu na mlango. Nilikuwa na mpango. Mazungumzo yakielekea pabaya, nitamwaga chai.

Wakazungumza juu ya wakwe, juu ya usingizi unavyopotea, juu ya chakula kisicho na ladha. Mke wa rubani alisema sasa watu wameacha kumwita mumewe mlevi, na mama akasema, "Mungu ni mkubwa. Jina la mtu ndilo nguo yake ya mwisho." Nikaanza kupumua. Nikainuka kuleta chai zaidi, na nikiwa jikoni, birika mkononi, nikamsikia mama akisema kwa ile sauti yake ya zamani,

"Na unajua hata mimi nilishonea ndege yao? Zile soksi za kuzuia nyigu, ni mimi. Baba alikuja akaniomba, nikazishona hapa hapa kwa hii cherehani. Nikatia blanketi ndani. Nilisema, watoto wa watu wako humo, wacha nishone kitu cha kudumu."

Nilirudi mbio mlangoni. Kikombe cha mke wa rubani kilikuwa kimesimama katikati ya njia, hakijafika mdomoni. Akanitazama. Sijui uso wangu ulisema nini, lakini niliomba na kila kitu nilichokuwa nacho, niliomba bila kufungua kinywa.

Akateremsha kikombe taratibu juu ya kisahani.

"Alizitaja nyumbani," akamwambia mama. "Mume wangu. Alisema kuna fundi ambaye mamake ameishonea ndege soksi. Alicheka sana."

"Alicheka?" Mama akang'aa. "Hata Baba alicheka! Walicheka wote!"

"Ndio, mama. Walicheka wote."

Alimaliza chai yake, na hakukaa sana baada ya hapo. Alisali, akamkumbatia mama, akakumbatiwa zaidi ya alivyokumbatia. Nikamsindikiza mpaka langoni. Hapo ndipo alipogeuka, na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Kwa nini hukuniambia nisije?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kwa nini!" Akashika nguzo ya lango. "Tangu siku ile pale ukumbini nilikuwa na mtu wa kuchukia. Fundi wa mtaani. Kila usiku nilikuwa namchukia, ndio nikalala. Sasa nimeenda nimekunywa chai yake, nikamtungia na hadithi ya mume wangu akicheka." Akajipangusa pua na kiganja, bila adabu za Loresho. "Nitamchukia nani sasa? Niambie. Nani?"

Sikuwa na wa kumpa. Nilimwambia asante. Alitikisa kichwa akapanda boda boda yake, na nikasimama pale mpaka mlio wake ulipopotea, nikimshukuru Mungu kwamba limepita.

Niliporudi mama hakuwa sebuleni. Alikuwa nyuma ya nyumba na beseni, anaanua nguo. Ovaroli zilikuwa zimekauka zikakakamaa, akazikunja. Mashati, akayakunja. Viatu vilikuwa ukutani vimekauka. Akafika mwisho wa kamba, akaitoa soksi, na nikaona mkono wake umesita.

Akaipima uzito kwenye kiganja. Akaikamua. Maji yakachuruzika, mengi, yakamwagikia kandambili zake.

"Hii imekaa hapa na jua," akasema, si kwangu.

"Mami, njoo ndani. Kuna baridi." Ndivyo nilivyosema. Kati ya maneno yote ya dunia hii, nikachagua hilo.

Hakunisikia. Aliigeuza soksi nje ndani, kama anavyogeuza kila nguo anayoikagua, akapitisha kidole kwenye blanketi. Manyoya ya kijivu, yaliyoloa, yakabaki kwenye kidole chake. Akayasugua kwa kidole gumba yakawa kidonge kidogo kigumu. Mama amefanya kazi na kitambaa tangu akiwa msichana. Hakuhitaji afande.

"Ulisema mvua iliingia kwa bomba."

"Ndio, mami."

"Na bomba lilikuwa limevaa hii."

Ng'ombe alilia zizini. Mama aliendelea kutazama kile kidonge cha manyoya.

"Na huyo msichana alijua," akasema. "Alijua, na akamaliza chai yangu."

"Mami, hazikuwa—"

"Aliniomba turubai tupu." Sauti yake haikuwa kubwa. "Aliketi pale akaniambia, mami, turubai tupu. Akaniletea na turubai yenyewe." Akaikumbatia soksi kifuani, na sweta yake ikaanza kuloa, doa likatambaa likashuka mpaka tumboni, na hakujali.

Nikamshika. Alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu. Nikatafuta cha kumwambia, nikapata kitu kimoja tu ambacho hakikuwa uongo. "Alizipenda, mami. Ulimwona. Angeweza kutoa hiyo blanketi kwa wembe akifika kambini, ingemchukua muda kidogo tu, na hakutoa. Hakutoa kwa sababu ni wewe."

Mama akainua uso wake akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo, na naomba nisitazamwe hivyo tena.

"Angetoa," akasema. "Angetoa tu. Mimi ningejuaje kama ametoa?"